Tanga hadi Bamburi, siku sita: nani analipia mti ukishapandwa?

Nimerudi nyumbani wiki mbili sasa na matope ya Gazi, kijiji cha pwani ya Kenya, bado yamo kwenye mishono ya viatu. Haya ninayoandika nimeyaunga kutoka kwenye daftari la duka nililobeba (kurasa za mbele ni madeni ya misumari, za nyuma ndizo safari) na picha mia na ushee za simu, nyingi zikiwa za mizizi na risiti.

Sababu ya safari ni hii. Mimi nauza mirunda, mabati, misumari na saruji hapa Tanga. Tuko wafanyabiashara kumi na wanne kwenye kikundi chetu cha kuweka na kukopa: wa samaki, wa mbao, mwenye gereji, mama wa hoteli, dada wawili wa saluni na wengineo. Mwaka juzi tulikata sehemu ya faida, tukanunua mbegu za mkoko elfu mbili, tukashona fulana za kijani, tukachapisha bango refu kuliko mtumbwi, tukaenda kupanda kwenye fungu la tope nje ya mji. Picha zilipendeza kwelikweli. Miezi tisa baadaye nikapita pale na mvuvi mmoja, nikahesabu iliyobaki hai. Vidole vya mikono vilitosha, na viwili vikabaki.

Kikaoni mwenye gereji akasema tupande tena. Dada mmoja wa saluni akauliza, "Tukishapanda, mwezi wa pili nani atakwenda kuitazama?" Hakuna aliyejibu. Wakanipa laki tatu na nusu, kwa kuwa nina jamaa upande wa pili na biashara yangu ni ya miti, nikaone wenzetu wa Kenya wanafanyaje. Sharti: nirudi na jibu, na risiti.

Siku ya 1, Jumatano: Tanga – Horohoro – Vanga

Watu husema Tanga waja leo waondoka leo. Mimi nilitaka kuondoka saa kumi na mbili asubuhi, gari likataka abiria. Hiace ya Horohoro ilijaa saa mbili na robo, baada ya mama mmoja kushuka mara mbili kununua machungwa. Nauli elfu tano. Lami hadi mpakani, kama kilomita 65, na sehemu kubwa nililala.

Mpakani kituo ni cha pamoja siku hizi: muhuri wa kutoka dirisha hili, wa kuingia dirisha lile, chini ya paa moja. Foleni ilikuwa fupi lakini mbele yangu kulikuwa na kijana aliyesahau kadi ya homa ya manjano, na maelezo yake yalichukua dakika arobaini za maisha yetu sote. Kwa hiyo, mnaokuja nyuma yangu: kadi ibebeni, hasa kwa ajili ya kurudi. Pesa badilisheni kidogo tu pale nje, za nauli na chai. Hesabu nyepesi ni kwamba shilingi moja ya Kenya ni kama ishirini za kwetu. Mwanzoni utaona kila kitu bei rahisi, mpaka uzidishe.

Kutoka Lunga Lunga, upande wa Kenya wa mpaka, hadi Vanga nilipanda boda kwa KSh 300. Nusu ya njia gurudumu la nyuma likatoa pumzi. Dereva akalitazama kama mtu anayetazama mtoto aliyerudi na matokeo mabaya, hakusema neno. Akatoka mzee kwenye ua wa makuti, mkononi pampu ya baiskeli.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Watoka ng'ambo?"

"Tanga. Mama yangu Mdigo wa Moa."

"Ah, basi u nyumbani. Keti."

Nikaketi. Kiraka kilikatwa kwenye mpira wa zamani, gundi ikapulizwa, na wakati tunangoja ikauke tukaletewa dafu moja moja. Nilipotaka kumpa chochote mzee alinirudishia mkono. Akaniuliza tu Moa kwa nani. Nilipotaja ukoo wa babu akasema anaujua, na pengine anaujua kweli.

Usiku nililala kwa mama mmoja anayepangisha vyumba viwili, KSh 700 na maji ya kuoga ya ndoo. Chakula: wali wa nazi, changu wa kukaanga, pilipili ya embe mbichi, KSh 250. Huo ndio mlo bora wa safari nzima, na nimekula Mombasa.

Siku ya 2, Alhamisi: Vanga

Mwezi ulikuwa umeandama Jumanne, kwa hiyo bamvua lilikuwa limeingia. Anayekuja kutazama mikoko aje siku za bamvua: maji yanakupwa sana, tena mchana kweupe, unapata saa tatu nzima za kutembea. Ukija maji mafu utaishia kutazama majani kutoka kwenye mashua.

Vanga na majirani zake Jimbo na Kiwegu wana mradi wa mikoko wa zaidi ya hekta 400, uliofuata mtindo wa Gazi: msitu unalindwa, hewa ya ukaa inayobaki mtini na matopeni inapimwa na kuuzwa kwa wanaotaka kufidia moshi wao, pesa inarudi vijijini. Nitaueleza nikifika Gazi, kwa sababu huko ndiko ulikoanzia. Vanga nilijifunza jambo dogo zaidi.

Saa tatu asubuhi nilikuwa pwani nikinywa kahawa chungu. Vijana watatu walikuwa wakisukuma mashua kwenda kuzunguka msituni, na mama mwenye banda la samaki akawaletea dumu la petroli. Akachukua daftari, akaandika. Mimi mtu wa duka, daftari la mtu mwingine siwezi kulipita.

"Wanakopa, mama?"

"Hawakopi. Natoa. Naandika nisijidanganye."

Akanionyesha. Lita tatu, lita tano, lita tatu, tarehe pembeni. Miezi saba. Nikamuuliza kama ni mwanachama wa mradi. Akasema hana nafasi ya vikao.

"Miti mimi siijui," akasema. "Nnajua kaa. Kaa wangu wote watoka mle. Mwaka ule watu wakikata ovyo upande wa kule, nilikuwa naleta kikapu nusu. Sasa akipita mtu na shoka, hawa watamuona. Petroli lita tatu ni bei ya kaa wawili."

Niliiandika sentensi ile ya mwisho vile vile, kwenye ukurasa wa madeni.

Mashua yao ilikuwa na nafasi nikaingia. Hatukumkuta mtu na shoka. Tulikuta ng'ombe wawili walioingia kula majani ya mchu (aina mojawapo ya mikoko), na vijana wakashuka kuwafukuza kwa matusi ya Kidigo ambayo marehemu mama asingependa niyarudie hapa.

Siku ya 3, Ijumaa: Vanga – Gazi

Siku ya kungoja. Boda hadi Lunga Lunga, KSh 300 tena. Matatu ya kwenda Likoni ikasimama nusu saa kabla ya sala na saa nzima baada ya sala, nikashuka kituo cha Gazi karibu saa tisa (KSh 250). Maji yalikuwa yakijaa, msitu umefungwa mpaka kesho.

Gazi ni mji wa minazi, nyumba za mawe za kale na watu wasio na haraka. Hapa ndipo alipokuwa Mbaruk bin Rashid, yule Mazrui aliyepigana na Waingereza 1895 hadi 1896 kisha akavuka kwetu kwa Wajerumani. Nilimtaja kwa mzee mmoja barazani nikajikuta nimekaribishwa pilau ya Ijumaa, sahani ya watu wanne, mimi wa tano. Mgeni haulizwi kama ameshiba, anasogezewa.

Pale barazani ndipo niliposikia habari za ukataji. Miaka ya 1970 sehemu kubwa ya mikoko ya ghuba ilikatwa kuwa kuni za viwandani. Tangu kabla ya hapo kulikuwa na biashara ya boriti za kwenda Uarabuni kwa majahazi, mpaka Kenya ilipopiga marufuku kuuza nje mwaka 1982. Mzee alihesabu kwa korija kama babu yangu alivyokuwa akihesabu: korija moja boriti ishirini. Babu alipakia boriti Tanga ujana wake wote. Nyumba nyingi za kale za Oman na Kuwait upana wa vyumba vyake umepimwa na urefu wa boriti zetu, kwani mti hauwezi kuvuka mbali zaidi ya hapo. Nilimwambia mzee hilo, akacheka: "Basi deni letu lote liko juu ya vichwa vya watu, Maskati."

Kwa wanaokuja: kinamama wa Gazi wana njia ya mbao inayoingia ndani ya mikoko, na wanapika. Agiza chakula mapema, ikiwezekana jana yake. Ukifika na njaa yako ghafla utangoja samaki avuliwe.

Siku ya 4, Jumamosi: Gazi, halafu Mombasa

Tulianza saa nne, maji yakitoka. Aliyenitembeza ni kijana wa pale pale, miaka kama ishirini na mitano, miguu mitupu. Mimi nilivaa raba na nikajuta hatua ya kumi.

Kwanza alinitaka nimwonyeshe tulikopanda sisi. Nikafungua simu: fulana za kijani, bango, diwani, tabasamu. Akaipanua picha kwa vidole viwili, akapita sura zetu zote bila kusimama, akaenda mpaka kona ya nyuma kabisa ambako kulikuwa na mti mmoja peke yake ndani ya maji.

"Huu mwaujua?"

"Mkoko."

"Mlilana." Akanitazama kwa adabu. "Fungu lote hili wazi, linapigwa na mawimbi, na mti uliosimama ni mlilana peke yake. Nanyi mkapanda mkoko."

Akanionyesha kwa miguu. Mbele kabisa, bahari ilipo, mlilana, na mizizi yake iliyochomoza kama pembe nene, ile wavuvi wanayochonga maboya ya nyavu. Nyuma yake ndipo mkoko wenyewe na magoti yake. Halafu muia, ambao sisi Tanga tunauita msinzi, na mkandaa, ule wa boriti na magome ya rangi. Nyuma kabisa, kwenye chumvi kali isiyofikiwa na maji ila siku za bamvua, mchu na vijiti vyake kama penseli zilizochomekwa tope zima. Kila mmoja na mtaa wake. Sisi tulichukua mpangaji wa uchochoroni tukamlaza barabarani. Walioponea mawimbi walivaa magamba meupe ya bahari mpaka wakaelemewa.

Aliokota mbegu ya mkoko chini ya mama yake. Ndefu kama dhiraa, kijani, nzito upande mmoja, kama mchi mwembamba. "Tazama hapa shingoni." Palikuwa na ukosi wa njano pale mbegu inapokutana na kofia yake. Ukosi huo ndio dalili ya kuiva. Akaivuta kofia, ikatoka bila kulalamika. Akachukua nyingine isiyo na ukosi, akavuta, ikakatika na kutoa utomvu. Halafu akachomeka ile iliyoiva, theluthi ndani ya tope, bila chombo, bila hotuba. Nikafikiria elfu mbili zetu. Tulizinunua kwa gunia, na sikumbuki mtu yeyote aliyetazama shingo.

"Lakini kupanda si kazi kubwa huku," akasema. Mahali pengi hawapandi kabisa. Miti mama ikiwa karibu, na maji yakiingia na kutoka vizuri, mbegu zinajileta. Kazi ni kuzuia shoka, kufukuza ng'ombe, kuzibua mkondo uliozibwa na mchanga, kupima, kuandika. Na kazi hiyo haina picha nzuri.

Hapa nieleze mradi kwa kifupi, kwa kuwa niliombwa. Unaitwa Mikoko Pamoja, wa vijiji vya Gazi na Makongeni. Watafiti wa bahari wa Kenya, akiwemo Dakta James Kairo, walikuwa wakipanda na kupima hapa tangu mwanzo wa miaka ya 1990. Mwaka 2013 wakaanza kuuza hewa ya ukaa kutoka hekta 117, wa kwanza duniani kufanya hivyo kwa mikoko, na mwaka 2017 wakapata Tuzo ya Ikweta ya Umoja wa Mataifa. Hesabu ya mwanzo ilikuwa tani kama 3,000 kwa mwaka, kiasi cha dola 12,000. Nikaigawa kichwani kwa nyumba za vijiji viwili, nikaona kila nyumba inapata bei ya kilo chache za sukari. Ndiyo maana hawakuigawa. Baraza la kijiji linakaa na kuamua: maji ya bomba, vitabu vya shule. Mtoto anayechota maji anajua msitu ndio uliolipa. Hilo ni ulinzi kuliko askari.

Wanunuzi wengi wa hewa hiyo wako mbali, Ulaya huko. Nikamuuliza, na wafanyabiashara wa hapa hapa je? Akakuna kichwa. Wapo wanaokuja siku ya kupanda, akasema, na siku hiyo huwa na fulana nyingi. Hakunitazama aliposema fulana. "Lakini twende nikuonyeshe mmoja."

Tukatoka msituni, tukavuka barabara, tukaingia shamba la mzee mmoja aliyekuwa fundi seremala. Nusu eka ya mvinje, imepandwa kwa mistari, chini kimya na zulia la majani kama sindano. Vijiji vililazimika kupanda mvinje kwa sababu ukimkataza mtu mkandaa bado anataka kuezeka. Na mvinje unakua mbio, hata kwenye mchanga mkavu, maana mizizi yake inashirikiana na vijidudu vinavyonasa naitrojeni hewani. Miaka minne au mitano una nguzo.

Mzee alinipa kigoda na mua, akanieleza mpango wake na mwenye duka la vifaa vya ujenzi, mtu wa biashara kama mimi. Mwenye duka humpa miche. Kila mwaka humpa kitu kidogo cha palizi, kinaandikwa. Miti ikifika unene wa mkono wa mtu mzima, duka linanunua kwa bei ya siku ile na kukata lililotangulia. Hakuna aliyemfadhili mwenzie.

"Ukifa mche?"

"Tunapata hasara wote wawili. Ndiyo maana hupita kila mwezi, apita na pikipiki yake, ahesabu. Hata nikiugua aja kuhesabu."

Nilikaa pale muda mrefu kuliko nilivyopanga. Mimi nauza mirunda. Miaka kumi na saba nanunua kwa wanaoleta na lori, sijawahi kuuliza ilipokatwa. Kwenye daftari nimeandika tu: pikipiki, kila mwezi.

Alasiri nikapanda matatu ya Likoni, KSh 200. Jirani yangu kitini alikuwa amefanya kazi kwenye kitalu cha ile kampuni iliyokuwa ikichimba mchanga wa titani huko Kwale mpaka mwisho wa 2024. Kazi yake ilikuwa kukusanya mbegu za miti ya asili msituni na kuziotesha ili mashimo yafunikwe. Akanitajia miti kwa Kidigo, mmoja baada ya mwingine, toka Diani mpaka kivukoni. Nilinasa mitatu. Akasema mbegu zingine hukataa kuota mpaka uzisugue, zingine mpaka ziloweke, na hakuna kitabu, aliulizwa bibi yake.

Feri ya Likoni kwa mwenda kwa miguu ni bure. Shika mfuko mbele, tembea na umati, usisimame kupiga picha mteremkoni. Nilisimama, nikapigwa kikumbo na mama mwenye beseni la samaki, na haki ilikuwa yake. Chumba mjini KSh 1,200. Usiku viazi karai na ukwaju, kulala.

Siku ya 5, Jumapili: Bamburi

Asubuhi mahamri na mbaazi za nazi, chai ya tangawizi, KSh 130. Matatu ya Mtwapa inakushusha mbele ya lango la Haller Park, barabara ya Malindi. Kiingilio hubadilika na raia wa Afrika Mashariki ana bei yake, kwa hiyo toa kitambulisho kabla hujatoa pesa.

Mimi nauza saruji, basi hapa palinihusu. Kiwanda cha saruji cha Bamburi kilianza kuchimba hapa chokaa ya matumbawe ya kale mwaka 1954, na baada ya miaka kadhaa kukawa na jangwa la mwamba mweupe, joto kama tanuri, maji ya chumvi chini. Mwaka 1971 kampuni ikampa kazi ya kuponya pale René Haller, Mswisi aliyekuwa mtaalamu wa kilimo. Alijaribu aina 26 za miti. Zikasimama tatu: mnazi, mti mmoja kutoka pembe ya Afrika, na mvinje. Mvinje ule ule wa mzee wa Gazi.

Tatizo ni kwamba majani ya mvinje hayaozi. Yalidondoka yakajaza sakafu na kubaki vile vile, udongo hauji. Mpaka Haller alipomwona jongoo mmoja akiyatafuna. Wakaletwa majongoo kwa mamia na mamia, wakala, wakanya, na kinyesi chao ndicho kilichokuwa udongo wa kwanza.

Nilichuchumaa chini ya mvinje mnene kuliko mapipa yangu, nikafukua kwa kidole. Juu sindano kavu za rangi ya kahawia. Chini yake sindano zilizokatika vipande. Chini tena punje nyeusi za duara kama pilipili manga, na chini ya hizo, vidole vinne kwenda chini, udongo mweusi, unyevu, unaonuka mvua. Halafu kidole kikagonga jiwe. Mwamba uko pale pale. Miaka hamsini ya majongoo ni vidole vinne.

Jongoo mwenyewe nilimpata, mweusi, miguu myekundu. Nikamweka kiganjani, akajikunja, akaniachia doa la njano lenye harufu kali lililodumu mpaka mpakani. Mtoto mmoja wa familia iliyopita akapiga kelele, baba yake akamwambia, "Usimuogope, huyo ndiye fundi." Nadhani alikuwa amesoma kibao.

Mengine mtayaona wenyewe: twiga, mamba, mabwawa ya perege, kobe wakubwa. Kila mtu atawasimulia habari za kiboko Owen aliyeokolewa baada ya tsunami ya Desemba 2004 akamfanya kobe Mzee kuwa mama yake. Ni kweli, na kwa mtu wa mahesabu cha kutazama ni kwamba shimo lile lilianza kuuza samaki, nguzo na tiketi. Lakini nisidanganyike. Pale kuna kampuni yenye mfuko, ikirekebisha ilichochimba yenyewe, kwa miongo. Sasa mwenyewe ni kampuni ya Amsons ya kwetu Tanzania, walioinunua mwisho wa 2024. Sisi tuko kumi na wanne na mmoja wetu anadaiwa.

Siku ya 6, Jumatatu: kurudi

Feri, matatu, Lunga Lunga, kadi ya manjano ikaulizwa kama nilivyosema, Tanga saa kumi na moja jioni na mvua. Nilitumia 289,000, nikarudisha 61,000. Mweka hazina amekataa kahawa mbili za Vanga kwa kukosa risiti.

Kikao tumekaa Jumamosi iliyopita. Nilianza na picha ya bango na ule mlilana wa kona ya nyuma, wakacheka kwa dakika nzima kisha wakanuna. Mwenye gereji bado alitaka kupanda, na fulana mpya. Mama wa hoteli akauliza petroli ya lita tatu ni kaa wangapi kwa bei ya Tanga. Tukapiga hesabu kwenye simu yake, tukapata mmoja na nusu.

Tulivyokubaliana ni hivi. Mwaka huu hatununui mbegu hata moja. Vijana wawili wa pale pwani watalipwa kila mwisho wa mwezi, miezi kumi na miwili, kupita na kuandika, nasi tutazunguka kwa zamu kwenda kuwasomea daftari; wa kwanza ni dada wa saluni, kwa sababu aliuliza. Jozi mbili za mabuti. Mwenye samaki atatoa petroli. Mimi nimeshaonana na mkulima mmoja wa njia ya Muheza kuhusu robo eka ya mvinje, na ninatafuta pikipiki ya kuazima.

Bango la zamani mwenye gereji amelifunikia injini ya Fuso. Jana bamvua lilipotoka nilikwenda kuhesabu tena ile minane. Iko saba.